Nauli ya Murdo Ilivyogeuka Hisa

Mgeni akifika Waipu, kijiji chetu kaskazini mwa Auckland, huambiwa kwamba kinu chetu kilijengwa kwa hisa za wananchi, na kwenye ukuta wa ofisi pana majina yaliyopangwa vizuri kuthibitisha hilo. Mimi sibishani na ukuta. Lakini sisi tuliokulia hapa tunajua kinu kilisimama kwa nauli ya mtu mmoja, na aliyeitoa ile nauli mfukoni mwa mwenyewe si Farquhar wa Auckland na viatu vyake vya kung'aa. Ni Peigi wa Angus, mjane, tena kwa sababu ambayo haikubandikwa ukutani.

Peigi alikuwa na nyumba kando ya mto, na nyuma ya nyumba msitu wa mikauri alioachiwa na marehemu mumewe, miti mirefu na minene ambayo hata watu wazima wakishikana mikono hawaizunguki. Alikuwa mfupi, anakaribia miaka hamsini, mwenye mikono mikubwa na ulimi uliozidi mikono. Kila jioni Murdo MacAskill, aliyekuwa rafiki wa Angus, alikuja kula kwake. Aliketi kiti kilekile, akala uji wake wa shayiri kimya, kisha akaanza hadithi zake za Nova Scotia.

Sote tulitoka huko, sisi au wazazi wetu, na Kigaeli chetu na zaburi zetu, tukavuka bahari zote hizo kuja kutafuta ardhi yenye jua. Nova Scotia ni baridi na mawe. Wengi tulishukuru kuiacha. Murdo hakushukuru, maana siku ya kuondoka ndugu yake pacha, Iain, alikuwa kitandani na homa kali, na meli haikungoja mgonjwa. Murdo alipanda akidhani Iain atafuata na meli ijayo. Iain alipona, akaoa, akazaa, hakufuata. Sasa wote wawili walikuwa wazee, na Murdo, ambaye hakuoa, alikuwa akidunduliza nauli.

"Nikiipata nauli, shemeji, naondoka siku hiyohiyo," alisema kila jioni.

"Na ukishamwona Iain?"

"Tutaimba."

"Mkishaimba?"

"Tutaimba tena."

"Haya. Kula, uji unapoa."

Walikuwa wakiitana shemeji kwa sababu Murdo na Angus walikuwa kama ndugu. Angus alipokufa neno lile lilibaki palepale kati yao, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuliondoa. Niseme wazi, maana Peigi mwenyewe hakulisema kwa miaka: alimpenda Murdo. Alimpenda hasa alipokuwa akizungumza juu ya Iain, yaani alipokuwa mbali naye kabisa, macho yake yamekwenda ng'ambo ya bahari. Alikuwa akimtazama na kujiuliza ingekuwaje kutamaniwa namna ile na mtu aliyeketi meza moja nawe. Halafu anainuka kuosha masufuria.

Sasa lazima mjue jinsi tunavyoimba. Kanisani kwetu hakuna kinanda. Mtu mmoja husimama chini ya mimbari, anatoa mstari wa zaburi peke yake, kisha watu wote wanaupokea, kila mmoja kwa mwendo wake, sauti zikapanda na kushuka mpaka zikutane mwishoni. Aliyetoa mstari kwetu alikuwa Murdo. Na mazoea yana taabu, watu walimzoea mpaka nje ya kanisa. Murdo akianza kupanda viazi, bonde zima linapanda viazi. Murdo akivaa koti zito, kesho yake makoti yote yametoka sandukuni. Mwenyewe hakulijua hilo, au alijifanya halijui.

Basi Farquhar akaja. Alikuwa mtoto wa hapa aliyekwenda mjini akarudi na kofia ndefu, akatukusanya shuleni kutafuta mtaji wa kampuni. Akaeleza: kinu kimoja kando ya mto, gurudumu moja la maji, upande huu linapasua mbao, upande ule linasaga ngano. Vijana wetu waliokuwa wakikimbilia machimbo ya dhahabu wangepata kazi nyumbani. Kila mtu anunue hisa kwa kadiri ya uwezo wake, mbao zikiuzwa Sydney faida igawanywe.

"Fedha zangu ziko salama, Bwana Farquhar," alisema Donald Mòr, mhunzi wetu, jitu la mzaha. "Nimezizika chini ya banda la nguruwe. Kampuni yako ina mlinzi mkali kuliko nguruwe wangu?"

Watu wakacheka, wakakohoa, wakasema watafikiri. Kufikiri kwenyewe ilikuwa kumtazama Murdo. Murdo alikuwa akitazama kofia yake mwenyewe magotini. Hakuna aliyetia sahihi, wakatawanyika kwenda kukamua ng'ombe.

Farquhar hakuwa mjinga. Asubuhi yake alibisha mlango wa Peigi. Walipatana upesi juu ya mikauri: Peigi angetoa miti badala ya fedha, apewe hisa zake. Kisha Farquhar akafika kwenye lile lililomleta.

"Mama Peigi, watu wanamngoja Murdo. Na Murdo namwona anakusikiliza wewe."

"Murdo hasikilizi mtu aliye upande huu wa bahari," Peigi akajibu.

Lakini alipomfungia mlango alibaki amesimama nyuma yake. Jana yake tu, akisukuma bakuli mbele, Murdo alikuwa amesema, kwa sauti ya kawaida kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba nauli imetimia. Angeondoka na meli ya kwanza ya kiangazi. Peigi alimwambia hongera, shemeji. Usiku ule hakupata hata lepe la usingizi.

Jioni alimpikia samaki wa chumvi na viazi, chakula alichokipenda, na akangoja ashibe.

"Ile nauli yako," alisema, "kwa nini isifanye kazi kwanza? Iweke kwenye kinu mwaka mmoja. Ikizaa, utakwenda kama bwana, na Iain utamchukulia koti jipya."

"Na ikipotea?"

"Mikauri ya Angus imo humo. Ikipotea, tumepotea wote."

Murdo aliacha kula. "Wewe ndiye unayesema niiweke?"

"Ndiyo, mimi."

"Basi nitaiweka," alisema, akarudi kwenye samaki wake. Hakuuliza zaidi. Hivyo ndivyo alivyomwamini. Peigi akamwongezea viazi.

Murdo alitia sahihi siku ya soko, mbele ya watu. Jioni hiyo banda la nguruwe la Donald Mòr lilifukuliwa. Wiki haikuisha, mtaji umetimia, na Farquhar akawa anatembea akijisifu kwa ufasaha wake.

Ule mwaka ulikuwa wa furaha kwa Peigi, na furaha ya kuiba ina ladha yake. Meli ya kiangazi ilipita bila Murdo. Aliisikiliza mikauri ya Angus ikianguka, ardhi ikitetemeka mpaka vikombe vikagongana kabatini, akasema moyoni, nisamehe Angus, nanunua jioni zangu. Murdo alikuja, alikula, alihadithia. Ila hadithi zake zilizidi kupungua. Siku moja alianza kumweleza jinsi Iain alivyokuwa akikosea kusudi zaburi fulani ili kumchekesha kanisani, akanyamaza katikati.

"Endelea," Peigi akamwambia.

"Nimesahau sauti yake, shemeji. Najua alivyokosea, lakini sauti yenyewe siisikii tena."

Peigi aliinuka akaenda kuchochea moto usiohitaji kuchochewa. Alikuwa ametaka Murdo abaki, naye amebaki, lakini aliyebaki alikuwa anapungua.

Magogo yalikusanywa mtoni, juu kidogo ya kinu, yakingoja kupasuliwa kabla meli ya Sydney haijafika. Yalizuiwa na magogo mengine marefu yaliyofungwa kwa minyororo kutoka ukingo hadi ukingo. Kila hisa ya kila mtu wa Waipu ilikuwa inaelea pale. Mbele yake ulikuwa mnyororo, na mbele ya mnyororo bahari.

Jumamosi mvua ikaanza milimani. Wanaume walikaza minyororo mpaka jua lilipozama, wakaacha, maana Sabato ilikuwa imekaribia. Kwetu Sabato ni Jumapili, na si mchezo. Maji huchotwa Jumamosi, viazi humenywa Jumamosi, na wapo waliomfunika jogoo kikapu asije akajisahau. Kazi pekee inayoruhusiwa ni ya huruma: mgonjwa, ng'ombe aliyetumbukia, mtu anayezama. Gogo si ng'ombe. Hilo hata mtoto alilijua.

Asubuhi tulikuwa kanisani, mvua inapiga mabati, na kanisa letu liko juu ya mto. Murdo alikuwa ametoa mstari wa pili wa zaburi tuliposikia mnyororo ukilia. Ulilia tena. Kisha ukasikika mgongano wa magogo, kitu kizito kikisogea kinakotaka. Sote tulisikia isipokuwa mchungaji, aliyekuwa kiziwi kwa rehema za Mungu. Wanaume waliinua vichwa. Hawakutazama dirishani, walimtazama Murdo. Kama angefunga kitabu wangekimbia wote, na dhambi ingekuwa yake. Murdo alifumba macho, akatoa mstari unaofuata.

Peigi alikuwa benchi la tatu. Alielewa mambo yote mara moja. Magogo yakienda, nauli imekwenda, na Murdo ni mzee, hawezi kudunduliza nyingine. Angebaki. Angekuja kila jioni mpaka mmoja wao azikwe. Alichotakiwa kufanya Peigi ni kukaa tu kimya na kuimba kama Mkristo mwema. Hakuna ambaye angemlaumu, wala Murdo mwenyewe.

Akamtazama. Murdo alikuwa bado amefumba macho, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Alikuwa akiimba kama mtu anayeaga. Peigi alihimili mistari miwili. Wa tatu ulimshinda.

Alivua kofia yake akampa jirani. "Nishikie," alinong'ona. Akainuka, akapita katikati ya kanisa, viatu vyake vikisikika. Mlangoni alimwinamia Donald Mòr, akasema kwa sauti ya kutosha benchi nne:

"Nakwenda mtoni, Donald. Na unajua siwezi kuogelea."

Donald Mòr alikuwa mzito wa mwili, si wa akili. Alihesabu kimya kidogo, kumpa nafasi ya kufika. Kisha akasimama, akasema kwa adabu kabisa, "Wazee, kuna mwanamke anazama."

Zaburi ilikatika katikati ya neno. Wa kwanza kutoka alikuwa Murdo. Aliwapita vijana mlangoni, akashuka mteremko kwa miguu ambayo wiki iliyopita ilikuwa inalalamika juu ya ngazi. Peigi alikuwa katikati ya mto, amepiga magoti juu ya gogo la kizuizi, sketi imelowa, anashika pete ya mnyororo uliokuwa unachomoka kana kwamba mikono yake ingeweza kuuzuia mto. Haikuweza. Aliteleza mara moja, kichwa kikazama, kikatoka.

"Ukae hivyohivyo," Murdo alimwambia akitambaa kwenye magogo. "Usiuachie, Peigi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Peigi alilisikia, mtoni vile, na hakulisahau.

Sasa haikuwezekana kumtoa mtu pale bila kwanza kukifunga kizuizi, maana kingefunguka wangesagwa wote wawili. Kwa hiyo kamba zililetwa, mnyororo ukavutwa, nguzo mpya ikapigwa, yote kwa kumhurumia Peigi. Huruma yenyewe ilichukua mpaka saa ya chakula cha mchana. Walipomtoa midomo ilikuwa ya bluu, na hakuna gogo hata moja lililokwenda baharini. Mchungaji aliinua macho kutoka kwenye mahubiri yake akakuta wamebaki mabibi na mbwa mmoja.

Baraza la wazee wa kanisa lilimwita siku chache baadaye. Wazee wote walikuwa na hisa, na wote walitaka limalizike vizuri.

"Bila shaka uliteleza, Peigi," alisema mwenyekiti. "Ulikwenda kuangalia, ukateleza."

"Sikuteleza. Niliingia."

"Labda ulikuwa na kizunguzungu. Jua la kanisani…"

"Mvua ilikuwa inanyesha, mzee."

Mwenyekiti akafuta miwani. "Mama, tusaidie. Uliingia kwa ajili gani?"

"Nauli ya mtu ilikuwa inaondoka bila mwenyewe," alisema Peigi. "Na mimi ndiye niliyeifungia pale. Nilimshawishi aiweke kwenye kinu ili asisafiri. Mnaweza kuandika hilo pia."

Hawakuandika. Murdo alikuwa ameketi pembeni, maana mtoa zaburi huketi na wazee. Alitazama kofia yake kama siku ile shuleni. Baraza halikuwa na njia: mtu amekiri. Mwaka ule, zile sarafu ndogo za risasi wanazopewa wanaostahili kuijia meza ya Bwana zilipogawiwa, Peigi hakupewa.

Jioni ya siku aliyoitwa barazani Peigi hakupika. Hakutegemea mtu. Murdo akaja, akaketi kiti chake.

"Kwa hiyo ulinidanganya," alisema.

"Nilikudanganya."

"Mwaka mzima."

"Mwaka mzima, na nilikula vizuri mwaka huo kuliko yote. Ukitaka kunitukana, nitukane, niko tayari."

Murdo alivuta kiti karibu na meza. Kisha akauliza, "Sasa unataka niende?"

"Sitaki." Peigi alikuwa amesimama dirishani, amempa mgongo. "Sitaki hata kidogo. Lakini nenda. Mtu anayekaa hapa akiwa kule, hakai popote."

"Nauli ni ya mtu mmoja," alisema Murdo, polepole.

"Najua ni ya mtu mmoja. Nani aliuliza? Na kaburi la Angus nani atalipalilia, Farquhar?"

Akacheka, Murdo akacheka, na kicheko kiliisha mapema kwa wote wawili.

Siku ya meza ya Bwana kanisa lilijaa mpaka nje. Benchi la nyuma kabisa, la wale wasioruhusiwa, lilikuwa na Peigi peke yake. Wakati wa zaburi ya kuijia meza ulifika, na kiti cha mtoa mstari kilikuwa kitupu. Watu wakageuza shingo. Murdo alikuwa anaingia kwa mlango wa nyuma. Alimwendea mzee aliyekusanya zile sarafu za risasi, akamwekea ya kwake kiganjani, kisha akaenda benchi la nyuma akaketi karibu na Peigi. Miaka yote ile hawakuwahi kuketi benchi moja kanisani.

"Una wazimu," Peigi alinong'ona.

"Sogea kidogo."

Hakuna aliyethubutu kuanza. Mwishowe Murdo alitoa mstari kutoka palepale nyuma, ameketi, na wa kwanza kuupokea alikuwa Peigi, kwa ile sauti yake iliyokwaruza. Kanisa zima likafuata. Wazee wakatazamana, wakafuata pia, wangefanyaje. Walikuwa wamemzoea.

Mbao ziliuzwa vizuri, na Farquhar akanunua kofia nyingine. Hisa za Murdo zilinunuliwa na Donald Mòr, aliyedai nguruwe wake wamechoka kulinda fedha. Murdo aliondoka na meli ileile ya mbao. Pwani hakuahidi kurudi, kwa sababu Peigi alimkataza kuahidi. Murdo alimshika ile mikono mikubwa, akaitazama upande huu na upande ule, akasema, "Usiende mtoni." Akapanda.

Baada ya miaka miwili nahodha mmoja wa Nova Scotia alitia nanga kuchukua mbao zetu, akamtafuta mjane wa Angus. Akamkuta anapika, amezeeka kidogo, kile kiti cha upande wa pili kimewekewa kikapu cha vitunguu ili kisikae kitupu. Akamwambia: Murdo alifika. Iain alikuwa hai. Wanaishi nyumba moja, wanaketi benchi moja, wanagombana kila Sabato nani ameikosea zaburi, na jirani zao wanasema hawajawahi kuona wazee wakorofi hivyo.

Peigi aliendelea kukoroga chungu. "Ana afya?"

"Ana afya. Lakini hasafiri tena, mama. Mapafu."

"Hakuagiza neno?"

Nahodha alikuna kidevu. "Si neno hasa. Kila meli inayotoka huku anakuja bandarini kuuliza jambo lilelile. Anauliza mto wa Waipu. Kama maji yamepanda, na kama watu wanakaa mbali nayo. Nilidhani ana hisa kwenye kinu."

"Alikuwa nazo," alisema Peigi.

Alifunika chungu, akaketi juu ya sanduku la kuni, akajifuta uso kwa aproni, mvuke, alisema, ni mvuke tu. Nahodha akangoja na kofia yake mkononi.

"Ukirudi mwambie mto umeshuka," alisema mwishowe. "Mwambie nipo nchi kavu. Haya, toa vitunguu kwenye kiti hicho ukae, uji uko tayari."